Mashine Inangoja Mkono Yangu

...na sasa ananiangalia tu, Kanyiva, mjukuu wangu, amechuchumaa hapo na kidole juu ya kifungo ya hiyo mashine yake, "Susu, ukisikia joto imefika pale pako, sema hapo, mimi nafinya, basi," na mkono yangu iko kwa tumbo ya kitete, kibuyu ya pombe, tangu wakati ule, nimeshika vile nashikanga, vidole zimefunguka, kiganja imelala yote, na hakuna kitu, sisikii moto, sisikii baridi, ni kama nimeweka mkono ya mtu mwingine hapo, aiya Mulungu, na nambari nyekundu inasema arobaini na sita, kusoma sikusoma lakini nambari za simu nazijua, arobaini na sita, sasa hiyo ni moto ama ni baridi, mimi nilikuwa najua bila nambari... maji ya asali imetoka kwa moto saa hii, inapoa ndani ya kitete, na kitete imekaa kwa beseni ya maji baridi, ikipoa mpaka pale inatakiwa ndio tunatia miatine, yale matunda makavu ya kuchachisha, ukitia mapema moto inaziua, ukichelewa zinalala tu kama wageni wameshiba, na pale katikati hakuna mtu ameandika mahali, mama mkwe wangu alichukua mkono yangu akaikandamiza kwa kitete akasema sikia, hapa, kama shingo ya mtoto ametoka usingizini, na nikasikia, nilikuwa bibi arusi wa mwezi mmoja na nikasikia, na tangu hiyo siku Matinyani hii yote kukiwa na ngasya, pombe ya kuposa msichana, ni mimi naitwa, hata wale wa kanisa wananinyima meza ya Bwana kwa sababu ya pombe, wakiwa na kijana wa kuoa wanakuja na mlango ya nyuma...

"Hatuna haraka, Susu," Kanyiva anasema, na anacheka kidogo, "Jabiri wa duka kule Mwingi aliniuliza hii kitu ni ya vifaranga wangapi, watu wanawekanga kwa mashine ya kuangua mayai, nikamwambia ni kifaranga mmoja tu, lakini anakunywa asali kuliko mzee," na mimi nacheka pia, nasikia nikicheka, na mkono nabakisha hapo hapo kwa kitete, kwa sababu huyu mtoto amesomea stima, waya ameweka vizuri, sanduku amepigilia mwenyewe, taa iko ndani, ameniambia mara tatu, kitete itaingia kwa sanduku siku tatu, ikipoa taa inawaka yenyewe, ikishika moto sana taa inazima yenyewe, "huko kwa mtandao kila mtu na nambari yake, Susu, lakini hakuna hata mmoja amepika kaluvu, pombe yako ya asali, nambari iko kwa mkono yako, mashine itaishika, hata usiku ukilala, hata wewe uki..." ukifa, alitaka kusema ukifa, si mbaya, na huyo alikuwa anafurahi, alifikiri ananiwekea mkono yangu mahali haiwezi kuzeeka, na hajui anangoja maiti iongee... arobaini na nne.

Nikisema hapo saa hii atafinya, atatia miatine, na kama ni moto sana zinakufa zote, na hizi ndizo zimebaki, na Jumamosi Musyimi, ndugu yake, anaenda kwa wazee wa msichana kule Kalamba, Makueni, na kitete mbili, na wale wazee wa Makueni hawana haya, mmoja ataonja, atazungusha mdomoni, ataangalia wengine, na kama imekataa kuchacha watasema nyumba ya kijana iko na kitu, rudini, na nikikosea leo si leo tu, mashine itakosea na mkono yangu kila mwaka, itafanya uongo yangu kwa bidii, taa ikiwaka, taa ikizima... niseme ukweli basi, niseme Kanyiva, mkono imekufa, na halafu? Ilianza na vidole mbili wakati wa mahindi, nikasema ni baridi ya asubuhi, halafu nikashika sufuria nikasikia harufu ya nyama, nikaangalia huku na huku nani anachoma nyama, kumbe ni mimi, nikafunga kitambaa nikasema ni mwiba, na dada yangu Nthiwa vile vile, yeye ilikuwa mguu, alikanyaga kaa la moto akatembea nalo mpaka kisimani, wakampeleka hospitali, sista akamdunga sindano kwa unyayo, unasikia, mama? sisikii, unasikia hapa? sisikii, wakakata kidole, wakakata mguu, wakarudi wakakata juu ya goti, tulizika Nthiwa kipande kipande, na mimi nikisema sisikii, hawa watoto wananipenda, watanibeba leo leo, na mkono ndio mimi, ukitoa mkono nani atabaki hapa...

"Mwaitu," hiyo ni Syombua, mke wa kijana yangu, mama ya hawa, yuko huko nje kwa mlango, naona kivuli ya leso yake tu, "niongeze maji ya baridi kwa beseni ama iko sawa?" na Kanyiva anamjibu, "Mama si uingie uone mwenyewe, kwani kuna mbwa hapa?" na Syombua anasema, "Nitaona nikiwa hapa," polepole, bila ubaya, na ndoo inawekwa chini karibu na kizingiti, upande wa nje, haingii, Syombua haingii jikoni hii, ni miaka mbili sasa anapikia chakula yake kwa jiko huko nyuma ya nyumba ya kuku, kwa sababu mimi nilisema, mbele ya watu nilisema, ile ngasya ya Ndeti, kijana wake wa kwanza, pombe ilikataa, tulifungua kitete ikatoka tamu, imelala, hakuna hata povu moja, wazee wa msichana wakaweka chini, wakasema mrudi mwaka ujao, na msichana hakungoja mwaka ujao, na watu wote wakaniangalia mimi, na hapa kwetu mtu akiwa na hasira rohoni hakaribii pombe ikichacha, inajua, hiyo nilifundishwa, na Syombua alikuwa amegombana na bwana yake hiyo wiki, kila mtu alisikia, ilikuwa rahisi namna hiyo, nikanyoosha kidole, huyu, ni roho ya huyu, na yeye akaangalia chini, akasema, "Sawa mwaitu," na akatoka, na tangu hapo... wakati wa mahindi. Ngasya ya Ndeti ilikuwa wakati wa mahindi. Vidole mbili. Nikasema ni baridi ya asubuhi.

Arobaini na moja. Aiya. Nimekaa na hiyo kitu miaka mbili kando yangu kama mtu amekaa na nyoka kwa blanketi, sikutaka kugeuka, nilitia miatine maji ikiwa bado moto, mimi, zikaungua kwa maji, mkono ikaniambia hapo na mkono ilikuwa imelala, Syombua hakuwa na chochote, labda alikuwa na hasira, nani hana hasira na ile bwana, kijana yangu ndiyo lakini namjua, na yeye akabeba sufuria zake akatoka, na Ndeti akaenda Mombasa harudi, na kila Krismasi huyo mama ananiletea chapati kwa sahani imefunikwa anaweka hapo hapo kwa kizingiti...

"Susu? Bado ni moto?"

Bado, nasema, ama nafikiri nimesema, na kidole yake bado iko juu ya kifungo, na mkono yangu bado iko kwa kitete, haisikii, na uoga ile ya kisu bado iko, haijaenda mahali, sista na sindano yake, unasikia hapa mama, lakini kuna ingine imekuja kuketi juu yake, kubwa, ya kwamba ningekufa hivi, na Syombua akaosha huu mkono kabla ya kunizika, auoshe vizuri vile anaosha kila kitu, na asijue... arobaini, imekuwa arobaini, joto inashuka na mimi bado nimekaa, na yeye yuko na mikono mizuri, nimemwona akishika watoto wagonjwa, anaguza shingo tu anasema huyu ana homa, huyu hana, na hakosei, neno iko kwa ulimi na si lile Kanyiva anangoja, Syombua, hilo ndio neno, Syombua ingia, pita hapa karibu na mimi, toa huu wangu kwa kitete uweke wako...