Nyasi Zisizoota

Siku zile uwanja ulipokuwa bado na nyasi za kuota, mvua ikinyesha, maji yalituama mbele ya goli la chini, na kipa aliyelilinda alirudi kwao kama chungu kilichotoka kufinyangwa. Sumaku alilipenda goli hilo kuliko chumba chake cha kulala. Jina hilo alipewa na watazamaji kwa sababu mpira uliofika mikononi mwake ulinasa. Jina la kuzaliwa lilitumiwa na mkewe tu, tena akikasirika.

Sasa alikuwa fundi cherehani mzee, na dirisha la chumba chake cha kazi lilitazama uwanja uleule. Uleule kwa jina tu. Waliuchimba, wakamwaga kokoto, wakatandaza zulia la kijani, kisha wakalinyunyizia chembe nyeusi za matairi yaliyosagwa ili lisiwe gumu kama sakafu. Mtaa mzima ulishangilia kwamba tope limekwisha. Sumaku naye alishangilia, kwa adabu, kama mtu anayempongeza mke mpya wa rafiki aliyefiwa.

Kilichompoza moyo ni mjukuu wake. Wanawe wote waliukwepa mpira kama wanaokwepa nyuki. Mtoto huyu wa binti yake ndiye aliyevaa glavu, na Jumamosi timu yake ya wasichana ingecheza fainali. Babu alikuwa akimshonea bukta ya kipa, yenye pamba kwenye nyonga zote mbili.

Jioni moja mwanzoni mwa juma, msichana aliingia akichechemea, akajitupa juu ya marobota ya vitambaa.

"Mzee wangu, tazama."

Chini ya goti ngozi ilikuwa imetoka, upana wa kiganja, pakabaki pekundu na penye kung'aa.

"Nani kakuchoma?"

"Zulia. Nimeteleza kidogo tu. Mchana lile linawaka, babu, joto unalisikia mpaka ndani ya njumu."

Sumaku alicheka, akapandisha suruali yake mwenyewe na kumwonyesha makovu. "Huo ndio muhuri wa kipa, mke wangu. Hili hapa nililiosha kwa maji ya chumvi, na kesho yake nikadaka penalti."

"Penalti ile tena?"

"Ileile. Nitaidaka mpaka nife."

"Nimwambie mama?"

"Mama yako akiona damu ya mbu anaita gari la wagonjwa. Chumvi inatosha."

Basi chumvi ikatumika, mazoezi yakaendelea, na msichana akawa anavaa suruali ndefu hata nyumbani. Alipokuja kujaribu bukta, babu alimwomba apande juu ya kibao ili apime pindo. Mguu haukuinuka.

"Nina mtoki," alisema kwa sauti ndogo, akishika kinena. "Umevimba tangu jana. Utakwisha."

Sumaku alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikifunua kidonda. Kingo zake zilitoa usaha, wekundu ulikuwa umeanza kupanda kuelekea pajani, na alipoweka kiganja, joto lake lilikuwa la pasi. Ndani ya nyama zilionekana chembe nyeusi. Akayakumbuka makovu yake aliyoyatembeza kwa fahari: yeye alikuwa ameanguka mahali palipompokea. Mtoto huyu alikuwa ameanguka kwingine kabisa, naye babu akampa dawa ya nyasi za zamani.

"Babu, usiseme. Keshokutwa ni fainali. Nikiikosa hii sipati nyingine."

"Utapata."

"Wewe ulikosa ipi?"

Hakuwa amekosa hata moja. Na fainali hiyo, kusema kweli, aliitamani pengine kuliko msichana mwenyewe. Aliifunika cherehani.

"Vaa viatu. Tunakwenda zahanati, na njiani tunampitia mama yako."

"Msaliti!"

"Niite utakavyo, ila tembea."

Binti yake alipoona mguu alishika kiuno. "Baba, chumvi? Kweli, chumvi?"

"Nilikosea, mwanangu."

Binti, aliyekuwa amejiandaa kwa mabishano marefu, akachukua mkoba wake wakaondoka.

Kule zahanati, muuguzi alizitoa chembe kwa kibano. "Si wa kwanza kuletwa kutoka pale," alisema. "Zulia linachubua na kuunguza kwa pamoja. Mchubuko wake unaoshwa palepale, kwa maji mengi na sabuni, na unafunikwa. Mtu hachezi mpira nao ukiwa wazi."

"Nasikia hizi chembe zina sumu," mama alisema.

"Wenye maabara bado wanabishana, siwezi kukutisha wala kukutuliza. Mimi nasema ninachokiona, ngozi na joto. Hiki kidonda kingengoja fainali, mngemleta amebebwa."

Msichana alipewa dawa na kukatazwa kucheza. Alilia bila sauti, uso ameugeuzia ukutani.

Jumamosi walikaa kwenye ngazi za saruji, kati yao pengo la kumtosha mtu wa tatu. Hewa ilitetemeka juu ya zulia. Kipa wa akiba alijitahidi, lakini mpira wa kona ulimpita.

"Ule ningeudaka," msichana alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa babu tangu zahanati.

"Ungeudaka." Wala hakuwa akimbembeleza.

Wakati wa mapumziko wachezaji walijimwagia maji miguuni. Msichana aliwatazama kitambo, kisha akauliza bila kugeuka, "Nyasi zenu zilikuwaje?"

Sumaku alifungua kinywa aianze penalti, akakifunga. Kuhusu nyasi hakuwahi kuulizwa na mtu. Akaanza polepole: kwamba asubuhi zilikuwa na umande wa kulowesha soksi, kwamba zikifyekwa, harufu yake ilikaa nywelini mpaka wakati wa kulala, kwamba panzi walirukia wavuni, na watoto wakawahesabu kuwa mabao.

"Na ukianguka?"

"Ardhi ilibonyea kidogo, kama godoro la bibi yako."

"Godoro lenyewe gumu."

"Wakati ule lilikuwa jipya."

Kicheko kilimponyoka msichana, akakimeza upesi, kwa kuwa hasira ilikuwa haijamwisha. Filimbi ya kipindi cha pili ikalia. Babu aliendelea kwa sauti iliyofifia, hivyo msichana akasogea karibu ili asikie.

"Hao panzi," alisema, "walikuwa wa kijani au wa kahawia?"