Silikoni ya Bi Nasima

Fundi Ernesti alinipa sharti moja tu. "Hosea, toa silikoni yote kwenye paa la hii kirikuu. Ikiisha, rangi ya paa unapiga wewe. Nikikuta doa moja, unarudi kwenye msasa mpaka Krismasi."

Mwaka na nusu niko gereji kwake hapa Pongwe, kazi yangu msasa. Bunduki ya rangi naishika nikiiosha tu. Kwa hiyo hajamaliza kuongea nilishapanda juu.

Kirikuu yenyewe, ile Suzuki ndogo ya mzigo, ni ya Bi Nasima, mama wa Kipemba anayeuza mchele. Paa linavuja, na yeye kila masika anapanda kwenye bodi na tyubu ya silikoni, ile gundi ya kuzibia nyufa, anapaka juu ya ile ya mwaka jana. Miaka mitano. Paa limevimba kama limeumwa na nyuki. Na silikoni ina roho mbaya. Hata ukiibandua, mafuta yake yanabaki kwenye bati na huyaoni. Ukipiga rangi hapo, rangi inayakimbia, unapata vishimo vishimo kama uji unaochemka.

Nikachonga rula ya plastiki iwe na makali, maana chuma kingechimba bati. Nikabandua siku nzima, na matundu yaliyokuwa yanavuja Fundi akayachomelea. Halafu tina, ile ya kuyeyushia rangi. Unafuta kwenda upande mmoja, kitambaa unatupa, unachukua kingine. Jioni Fundi akamwaga kikombe cha maji juu ya paa. Penye mafuta maji yanajikunja matone. Haya yalitandaa yakatulia. Fundi akaondoka bila neno. Kwa Ernesti hiyo ni sifa.

Asubuhi nakuta vumbi la barabara limelala juu ya paa na vitambaa vyangu vimeisha. Jirani yetu ni Loveness, muosha magari. Kitambaa chake kilikuwa kwenye uzio, laini, kinanukia. Nikakichukua, nikafuta paa lote. Likang'aa mpaka nikajiona meno.

Bi Nasima akafika kuangalia kazi, kesho yake anapeleka mchele Moa.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Leo wapiga wewe?"

"Mimi mwenyewe."

Fundi kawasha kompresa, anakoroga rangi. Loveness akaja mpaka sikioni kwangu. "We Hosea, kitambaa changu cha matairi umekipeleka wapi?"

"Cha matairi?"

"Kile chenye dawa ya kung'arishia. Unadhani nafutia nini, miguu yako?"

Dawa ile ina silikoni tele. Fundi hakusikia kitu, kompresa inaunguruma. Ningenyamaza, bunduki ningeishika dakika ile ile. Nikachota maji, nikamwaga juu ya paa. Yakatawanyika matone matone kama vifaranga wameona mwewe.

"Fundi, zima kompresa. Nimeharibu."

Nikamweleza. Akapanda, akatazama, akashuka.

"Umetoa ya mama miaka mitano, ukapaka ya kwako."

"Ndiyo."

"Msasa. Mpaka Krismasi."

"Ngoja kwanza, Ernesti," Bi Nasima akasema. "Huyu kaharibu, kasema. Wewe mwaka jana mlango wa kirikuu ulitiririka rangi, ulinambia? Nimekuja uona mie mwenyewe nyumbani."

Fundi akakohoa. Loveness akageukia barabarani, mabega yanacheka.

"Gari langu. Apige huyu."

"Akiharibu tena, bi mkubwa?"

"Mie na ufupi huu, paa nitaliona wapi? Watakaolalamika ni kunguru."

Fundi akanigeukia. "Futa upya. Ukitiririsha, utailamba."

Loveness akaniletea fulana mbili kuukuu, safi, zimefuliwa kwa sabuni ya mche tu. Nikazinusa kwanza. Tina, futa, tupa, mara tatu. Saa nane nikamwaga maji, yakatandaa yakatulia, nikayakausha.

Fundi akanipa bunduki. Nikasimama kwenye kona ya paa, mkono nimeukaza usicheze.

"Usisimame hapo," akasema. "Ukituliza mkono rangi inamwagika. Tembea. Tembea, Hosea."

Toka darasa la kwanza watu wananiambia nitulie. Nikatembea, nikaenda, nikarudi. Rangi ikalala juu ya bati bila kishimo hata kimoja, na Fundi akaondoka bila neno.