Wimbo Wenye Jina Langu

Mpaka mwaka huu hakuna mtu mjini Singida aliyekuwa akiniita Saada. Dukani mimi ni Mama Kudra, nyumbani ni bibi, na vijana wanaokuja kuulizia vitenge wananiita mama tu, kama vile mama ni jina la kila mwanamke mwenye miwani. Waliokuwa wakiniita kwa jina langu wamekwisha. Wa mwisho alikuwa kaka yangu Abdulkadiri, na tulipomzika nilibaki na sehemu moja tu ya kuitwa Saada, nayo ni ndani ya wimbo.

Wimbo wenyewe nitaueleza. Kwanza niwaeleze habari za watu waliokataa kwamba upo.

Kila Jumapili baada ya swala ya alasiri, wenzetu Wakristo wakiwa wameshatoka kanisani na kula, tunakutana uani kwa Abdulmajidi, fundi redio. Zamani alitengeneza redio za nusu ya mji huu. Siku hizi anabadilisha vioo vya simu, na ananuna. Uani kwake kuna benchi refu, viti viwili vitatu, na spika mbili kubwa alizozitengeneza mwenyewe kwa mbao za mninga. Mmoja wetu analeta wimbo, uwe kwenye kaseti, flashi au simu. Ukianza kupigwa hakuna kuongea mpaka uishe, hata chafya unaimeza. Ukiisha, Abdulmajidi anamgeukia aliyeuleta na kumuuliza alikuwa wapi alipousikia mara ya kwanza.

Utamu wote uko kwenye swali hilo. Mtu anaanza kwa kusifia gitaa la solo, anamalizia na mama yake jikoni akikoroga mlenda. Mughwai, ambaye buchani kwake hana huruma na mfupa wala mteja, aliwahi kulia mbele yetu kwa ajili ya bendi moja ya Kongo, kwa sababu aliisikia redioni siku aliyonunuliwa viatu vyake vya kwanza. Hatukumcheka. Jumapili iliyofuata ndiyo tulimcheka.

Mwingine ni Hosea, mtu wa Ikungi, mwenye mashine ya kukamua alizeti. Yeye alikuwa akija na mkewe, Janeth. Walikuwa wanaleta wimbo mmoja kwa pamoja, kisha wanabishana kwenye jibu: huyu anasema ilikuwa harusini, yule anasema msibani. Janeth alifariki mwaka jana wakati wa mavuno. Hosea bado anakuja. Anakaa ukingoni mwa benchi, anaacha nafasi ya mtu mmoja pembeni yake, na zamu yake ikifika anatikisa kichwa. Tunamruka.

Sasa shida yangu. Pale kwa Abdulmajidi, wimbo wa mdomo hauhesabiwi. Sheria hiyo ililetwa na Mughwai mwenyewe, baada ya kutuimbia wimbo wa zamani sana ambao ilikuja kujulikana alikuwa anautunga palepale. Kwa hiyo wimbo usio na kaseti si wimbo, na wangu haukuwahi kuwa na kaseti.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Baba alikuwa mfanyabiashara wa nguo, mkali, na binti zake hawakujua hata rangi ya mlango wa ukumbi wa muziki. Lakini Abdulkadiri alikuwa na maneno matamu, na siku moja alimdanganya baba kwamba tunakwenda kumwona shangazi, akanipeleka bugi, dansi la mchana. Bendi ilitoka Mkiwa, ikiitwa Njia Panda Jazz. Walisafiri na lori la vitunguu, na ukumbi mzima ulinuka vitunguu. Nilikuwa nimevaa gauni la bluu nililoshona mwenyewe. Nikasimama karibu na jukwaa kwa sababu sikujua kwamba msichana wa heshima anasimama ukutani. Mwimbaji alikuwa kijana mwembamba mwenye mwanya. Akanitazama mimi, si mwingine, akaimba:

Gari limeniacha njia panda,
mzigo mkononi, vumbi mwilini.
Nitabisha hodi kwa nani mie?
Saada, Saada, nifungulie.

Sikumjua, na wala sikujua amelipata wapi jina langu. Kabla ya ubeti wa pili Abdulkadiri alinishika mkono, akaniambia magharibi imekaribia na baba atatuchinja. Nikatoka nikiangalia nyuma. Bendi ile ilivunjika baadaye, kila mtu akashika njia yake, na sikusikia kwamba waliwahi kurekodi popote.

Niliolewa na mume mwema asiyependa muziki. Nikazaa, nikafiwa na mume, nikabaki na duka. Kuna siku ngumu nilizimaliza kwa sababu nilijua kwamba mtu fulani, zamani, alikaa chini na gitaa akatunga wimbo kwa ajili yangu. Sioni haya kulisema hilo. Kila mtu ana kitu chake anachokishika gizani, na changu kilikuwa hicho.

Nilipousimulia uani, kwa Mughwai ikawa kicheko cha mwaka mzima. Mteja akidai amepunjwa maini, anamwambia huo ni wimbo wa Mama Kudra. Mvua ikichelewa, nayo ni wimbo wa Mama Kudra. Mimi nilimjibu inavyostahili, na majibu yenyewe siwezi kuyaandika hapa.

Kisha mwaka huu, Jumapili moja ya kiangazi, Mughwai akaingia uani na mama mmoja wa rika langu, mfupi, kajifunga kitenge cha kijani. Uso wa Mughwai ulikuwa umechangamka kama mtu aliyeokota kitu. Akasema mama huyu anaitwa Esta, ametoka Itigi, amehamia kwa binti yake hapa mjini na anauza asali. Yeye Mughwai alikwenda kununua asali, akamsikia akiimba polepole huku anamimina kwenye chupa.

"Mama Kudra, nimekuletea shahidi," akasema.

Esta alitusalimia mmoja mmoja, akakaa, akaombwa aimbe. Aliona aibu kidogo. Akatazama mikono yake, akaanza:

Treni imeniacha stesheni,
mzigo mkononi, vumbi mwilini.
Nitabisha hodi kwa nani mie?
Esta, Esta, nifungulie.

Sauti ilikuwa ileile. Pale sauti inapopanda kabla ya jina, ambapo kwa miaka yote nilikuwa napaimba peke yangu bafuni, palitoka kinywani mwa mtu mwingine, na kwa pumzi moja hivi nilikuwa na furaha kuliko nilivyowahi kuwa uani pale. Halafu jina likanifikia.

Nikamwambia amekosea. Nikamwambia ni gari, si treni, na ni njia panda, na jina ni Saada. Esta hakukasirika. Alisema kwa upole kwamba Itigi ni mji wa reli, kwa hiyo kwao waliimba treni. Ndivyo bendi ile ilivyofanya kazi: wakifika mji, mpiga ngoma anatangulia kwenye vibanda vya chai, anauliza vijana ni msichana gani atakuja, na ni dada wa nani. Kijana anayetoa jina la dada yake anaingia bure. Kaka yake Esta aliingia bure. Binamu yake alikuwa anaishi Sekenke, na kule nako aliimbiwa yeye, ila badala ya treni lilikuwa lori la mgodi.

Nikamkumbuka Abdulkadiri, ambaye maishani mwake hakuwahi kulipa kiingilio popote.

Mughwai alicheka mpaka akashika ukuta. Abdulmajidi aliangalia viatu vyake. Mimi nikaokota mtandio wangu, nikaondoka bila kuaga.

Wiki hiyo nilikuwa mtu mbaya. Niligombana na wateja, niligombana na Kudra kwenye simu, nikapima vitambaa vibaya mara kadhaa. Mimi nauza vitenge. Najua jora moja linavyoweza kukatwa kwa wanawake kumi, na kila mmoja akaondoka dukani akiamini lile ua ni lake peke yake. Nimewatabasamia wanawake hao maisha yangu yote. Sikujua kwamba na mimi nilikuwa mteja. Na aliyeniuza ni kaka yangu niliyempenda, na hayupo nimgombeze.

Alhamisi Esta akaja dukani na chupa ya asali. Nilimkaribisha kwa sababu mgeni hafukuzwi, lakini nilimwonyesha kiti kibovu. Akakaa hivyohivyo. Akaniambia kwamba yeye alijua tangu mwanzo, maana binamu yake wa Sekenke alimwambia mwaka uleule, wakacheka wote wawili, na wakaendelea kuuimba mpaka wakazeeka, kila mmoja na jina lake. Wakati mwingine walibadilishana. Binamu huyo alishafariki. Akasema hajawahi kukutana na mtu mwingine aliyekuwa mbele ya jukwaa lile.

"Tumebaki mimi na wewe, Saada," akasema.

Nilijifanya natafuta mkasi chini ya meza. Nilikaa huko chini muda mrefu kuliko mkasi wowote unavyohitaji kutafutwa. Nilipoinuka nilimbadilishia kiti.

Ndipo akaniuliza kama naupenda ubeti wa pili. Nikamwambia sikuwahi kuusikia, nilivutwa mkono. Esta alishangaa sana. Kwake ubeti wa pili ndio wimbo wenyewe. Akaniimbia palepale, kati ya majora, na mteja mmoja aliyekuja kununua uzi ikabidi asubiri. Nikaurudia mpaka ukakaa.

Jumapili tulikwenda pamoja. Mughwai alinipa maini yaliyofungwa gazetini bila kunitazama usoni, na hiyo ndiyo namna yake ya kuomba radhi. Tukasikiliza wimbo wake, tukasikiliza wa Abdulmajidi. Zamu ya Hosea ikafika, akatikisa kichwa. Nikasema mimi na Esta tunataka kuimba. Abdulmajidi akatukumbusha kwamba wimbo wa mdomo hauhesabiwi. Nikamwambia nimelijua hilo miaka yote, asituhesabie, atusikilize tu.

"Anza wewe, Saada," Esta akasema, na nikaona Mughwai akigeuka kunitazama, kwa sababu nadhani hakuwahi kufikiri kwamba nina jina.

Nikaimba ubeti wangu, gari, njia panda, vumbi na jina. Esta akanipokea na wake wa treni. Tulikuwa tunavuta pumzi tuingie kwenye ubeti wa pili, Hosea akaongea. Yeye, ambaye hajawahi kuvunja sheria ya ukimya.

"Hilo jina," akasema, "ni lazima liwe la mmoja wenu?"

Esta akamwambia hapana, lilikuwa linabadilishwa.

"Mke wangu hakuimbiwa wimbo," akasema. "Kijijini kwao bendi hazikufika. Alikuwa anasema hilo nikimtania, kwamba wenzake wa mjini waliimbiwa. Naomba mumwekee jina lake."

Moyo wangu ulikataa. Lazima niseme ukweli huo, maana ndio ulionifundisha thamani ya nilichokuwa nacho. Wimbo ule ulikuwa umenirudia siku tatu tu zilizopita, na nusu yake nilikuwa bado naizoea. Nikatazama benchi, ile nafasi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuikalia mwaka mzima, hata siku tulizobanana. Nikamtazama Esta, naye akaniachia mimi. Nikaanza:

Kama ametoka, nitamngoja,
barazani kwake pana ubaridi.
Sina haraka ya kwenda kwingine.
Janeth, Janeth, nifungulie.

Esta aliingia kwenye mstari wa mwisho. Jina lile lilikaa vizuri kabisa, kama lilivyokaa langu, kama lilivyokaa lake. Tukarudia ubeti wote, na safari hii Mughwai akaingia na sauti ya chini, besi halisi, sijui alikuwa ameificha wapi. Ulipoisha, Hosea alikuwa ameinamisha kichwa na machozi yanamdondokea kwenye magoti, na hakuyafuta.

Abdulmajidi akajifuta mikono kwenye shati, ingawa haikuwa na kitu. Mtu wa sheria yule. Hakunigeukia mimi, wala Esta. Alimgeukia Hosea, akamuuliza kama anavyotuuliza sote.

"Ulikuwa wapi ulipousikia mara ya kwanza?"

Hosea akaweka kiganja chake kwenye benchi, pale pembeni yake.

"Hapa," akasema. "Tulikuwa hapa."