Kai, Qo'l, Mkono

Nyundo iligonga mara mbili, ikanyamaza, kisha sauti ikaita: "Iju!"

Sindano alisimama nje ya mlango wa karakana, sponji aliyoibeba imemfunika mpaka kidevuni. Mlio ule wa nyundo aliujua. Sauti ile katika neno lile hakuijua. Neno lenyewe ni *izhu*, la Kitamil, maana yake vuta, na tangu aanze kazi ya kutengeneza makochi hapakuwa na mtu mwingine aliyepewa neno hilo ila yeye. Ulimi unakunjwa kwa nyuma, ncha inapapasa paa la kinywa, ndipo linatoka. Alihangaika nalo msimu mzima. Alilala nalo, akaoga nalo. Leo mtu analitafuna kama muwa!

Akausukuma mlango kwa bega.

Anna alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti, misumari midogo ameibana midomoni. Anna ni kaka mkubwa kwa Kitamil. Ndivyo Sindano alivyomwita yule mzee, naye mzee akamwita *thambi*, mdogo wangu. Upande wa pili wa kiti, mahali pa Sindano, alisimama Mgeni, mshonaji aliyetoka huko wanakosema Kiuzbeki, ameushika ukingo wa kitambaa.

"Umechelewa," Anna alisema katikati ya misumari. "Nimeazima mikono."

"Kinachoazimwa ni nyundo, Anna."

"Nyundo ninayo. Weka sponji chini kabla haijakumeza."

Mgeni alicheka. Sindano aliiona ile safu ya meno na akaichukia yote.

Zamani angecheka na yeye. Lakini Mama Chai, muuza chai wa pale nje, alikuwa amemwaga habari pamoja na sukari: mzee anaondoka mwisho wa mwezi, anakwenda kufungua karakana yake, na atachukua mtu mmoja. Siku ile Sindano hakuuliza ni nani. Mtu haulizi kama jua litachomoza. Siku hizi alikuwa anatazama mawingu.

Mchana walikaa juu ya mbao kula mkate. Anna aliinua kiganja chake.

"*Kai*," alisema. "Huo mmoja. Mingi, *kaigal*. Ukishika kitu ndani yake, *kaigalil*."

Mgeni aliacha kutafuna. "*Qo'l. Qo'llar. Qo'llarda.*" Ile sauti ya kwanza ilimtoka chini kabisa kooni, kama kizibo kinachong'olewa kwenye chupa.

"Umeona! Maneno yenu nayo yana mkia juu ya mkia! Na kitendo, kwenu kinakaa wapi?"

"Mwisho. Mimi mkate nakula."

"Na sisi! Mimi mkate nakula!"

Wakacheka mpaka makombo yakaruka. Anna akajaribu ile *q* ya kooni, ikamkwama, akakohoa. Mgeni akampiga mgongoni, machozi yakiwatoka wote wawili. Mmoja ulimi wake unapanda juu, wa mwenzake unazama kisimani, na bado wamekutana njiani kama ndugu waliopoteana utotoni.

Nao walikuwa wanasimuliana kwa Kiswahili. Hapo ndipo palipomchoma Sindano. Kiswahili kile Anna alikipata kwake, neno kwa neno, msumari kwa msumari, kisha akamgawia Mgeni. Sasa wameketi juu ya mkeka wake, wanakula, na mwenye mkeka amesimama.

"Sisi mizigo tunabeba kichwani," alidakia. "Mkono, mikono. Nyinyi mnaiburuta nyuma."

Mgeni alifikiri. "Lakini kaka, unasema mikononi. Hiyo *ni* ya mwisho si mkia?"

Anna akajipiga paja. "Amekukamata!"

"Nani kakuita kwenye lugha yangu?" Sindano alisema. "Kwenu hampigi hodi?"

"Nilipiga," Mgeni alisema, bila kucheka. "Hukuitika."

Anna akapangusa makombo gotini. "Thambi, nipe maji."

Sindano alinyoosha mkono. Chupa ilikuwa tayari mkononi mwa Mgeni, na mzee akaipokea, akanywa, kana kwamba jina lile halijawahi kuwa na mwenyewe.

Alasiri ilikuwa zamu ya benchi refu. Ngozi ilikuwa moja tu, nyekundu, laini, na hakuna nyingine ya rangi ile. Mgeni kushoto, Sindano kulia, Anna katikati na nyundo.

"*Izhu*," Anna alisema.

Wakavuta. Mgeni akalegeza kidogo kama inavyopaswa, ngozi ipumue ipate kulala. Sindano hakulegeza. Alimkazia Mgeni macho, akavuta.

"Polepole, thambi."

Thambi yupi? Akavuta. Ngozi ililia kama mlango mbovu, ikachanika kuanzia konani kwake mpaka karibu na goti la Anna.

Mzee alitema misumari kiganjani, mmoja mmoja.

"Mchukue yeye," Sindano alisema. "Si ndiye unayekwenda naye? Mikia yenu inafanana."

"Kwenda naye wapi?"

"Karakana yako mpya. Mama Chai kasema."

"Karakana!" Anna alicheka bila furaha. "Huyo Mama Chai angeuza maneno, angekuwa tajiri. Naenda kwa binti yangu, kukaa." Akafungua mikono. Vidole havikunyooka, vilitetemeka, vimejikunja kama makucha ya ndege aliyelala. "Hivi vya kufungulia karakana?"

Sindano alivitazama. Kila siku vilikuwa mbele ya macho yake, naye alikuwa anamwangalia Mgeni.

"Basi neno letu umempa kwa nini?"

"Nikiondoka nani atakushikia upande wa pili? Wewe ukiambiwa vuta, unagombana na ngozi. Mikono yako inatii neno moja tu. Nimemwachia hilo."

Mgeni alikuwa ameshaichukua ngozi, ameitandika kwenye cherehani, anashona mchaniko. Mshono ulikwenda umenyooka, mwembamba, mzuri kuliko wowote ambao Sindano aliwahi kushona, na hilo nalo likamuuma.

Upande mmoja wa ngozi ulikuwa unaburuta sakafuni. Sindano alisimama kidogo. Kisha akaenda, akauinua, akaushika.

"Iju," Mgeni alisema taratibu, macho kwenye sindano ya cherehani.

Sindano akavuta, akalegeza. Kule pembeni Anna alikuwa amekaa, mikono ameificha kwapani.

"Unalisema vibaya," Sindano alisema. "Unalitafuna. Linakunjwa hili." Cherehani ikasimama. "Kesho wahi, kabla Anna hajafika. Nitakufundisha mpaka ulimi wako ukubali."