Sifuri Nne za Bondeni

Uvumi ulianzia kwenye foleni ya maji: chui amehamia bondeni, nyuma ya shule. Mama alijaribu kuupuuza, ukamganda kama kupe. Kitindamimba wake hupita bonde hilo kila asubuhi, na mlinzi pekee wa kule, aliyesindikiza watoto na kuwazuia watu wasimtegee chui sumu, alihamishiwa milimani juma lililopita.

Alihamishwa kwa sababu ya hesabu ya chui, na katika hesabu hiyo mama alitia mkono.

Yeye ni mfagiaji katika ofisi ya wanyamapori. Karani alipougua, mama alipewa fomu za kamera zilizofungwa mitini, aandike kila moja imepiga picha chui wangapi. Kamera nne za bondeni zilikuwa zimeishiwa betri.

"Usiache kisanduku kitupu," mkuu alimwambia. "Fomu yenye mapengo naichukia."

Akaweka sifuri nne, safi kabisa.

Sasa alimfuata mtakwimu, binti ambaye ofisi nzima ilimwita Desimali.

"Mwanangu, zile sifuri za bondeni hazisemi chui hawakupita. Kamera zilikuwa zimelala."

Desimali akaacha kuandika. "Mama, unaniambia leo?"

"Leo ndiyo nimejua nilichofanya."

Binti alirudia hesabu yote mpaka chai yake ikapoa. Kisha wakaingia wote wawili kwa mkuu.

"Mwanzo nilisema bondeni hakuna chui, akizidi ni mmoja," alisema Desimali. "Sasa naona huenda hakuna, huenda wamefika saba."

"Hakuna, au saba?"

"Sijui, mkuu. Ndiyo maana naomba mlinzi arudi wiki tatu, mpaka kamera zipate betri. Kama hakuna chui, tumepoteza wiki tatu tu. Kama wapo na hatuna mtu kule, tutapoteza mtoto, au chui atalishwa sumu."

"Juzi ulikuwa unajua, leo hujui. Ndiyo kusoma huko? Kaniletee namba moja."

"Juzi sikujua, mkuu. Nilidhani najua."

Mama akashindwa kunyamaza. "Shikamoo, mkuu. Mwanangu anapita kule."

"Marahaba. Mama, hapa tunaongea takwimu."

"Na aliyezijaza ni mimi."

"Basi lawama ni zako," mkuu akasema, akageukia simu yake.

Barua ya uhamisho haikuguswa. Mama alitoka kwa hasira. Mkuu angemtukana, angalau mama angejua amesikika. Kesho yake alimshika kitindamimba mkono, akamzungusha kwa barabara ya lami, mwendo wa saa nzima. Akachelewa kazini, akaandikiwa onyo. Njiani alikuwa ameona watoto wa wenzake wakishuka bondeni wawili wawili, wakicheka, na hakuweza kuwashika wote. Mchana huo akaandika karatasi, akaibandika kwenye geti la shule:

Usipitishe mtoto bondeni mpaka mlinzi arudi.
Usiseme hakuna chui kwa sababu hujamwona.
Usiandike sifuri mahali ambapo hapakutazamwa. Andika: hatujui.
Usikubali namba moja bila kuuliza inaweza kukosea kwa kiasi gani.
Usitege sumu. Mbwa wako atakula, na mtoto ataokota.
Usifunge mbuzi karibu na kijito cha bondeni; chui atamfuata.