Mzee Matty na Vishikio vya Kiti Changu

Bwana Pennington alitufundisha haki za walemavu miezi tisa, na miezi yote hiyo sikumwona akiumwa hata na jino. Mtu wa kupanda ngazi mbili mbili. Kila Jumanne alisimama ubaoni akatueleza jinsi mlemavu anavyojisikia, huku mimi nimekaa mbele yake katika kiti cha magurudumu, naye ananitupia jicho la huruma kama ninavyotazama paka aliyegongwa na gari. Juu ya ubao alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: HESHIMA YA MTEJA KWANZA. Nilimdharau yeye na wino wake.

Heshima! Miaka minne kabla, nilipokwenda kupimwa ili nipate posho yangu ya ulemavu kutoka serikalini, mpimaji aliangusha kalamu kwa makusudi akangoja kuona kama nitainama. Niliinama, nikaanguka kifudifudi juu ya zulia lao chafu, naye akaandika kwamba nimeinama. Siku ile niliapa kuisomea kazi hii ya kuwatetea wanaonyimwa posho, ili nije kuwaaibisha wajinga wale mmoja mmoja.

Kesi yangu ya mwisho kabla ya kufuzu ilikuwa ya Matty Stobbs. Ujanani alikuwa mchomeleaji katika viwanda vya meli hapa Sunderland, na sasa mapafu yake hayafai wala nyonga zake. Mpimaji alimuuliza, "U hali gani leo?" Matty akajibu kama wanavyojibu wanaume wote wa mtaani kwake, hata wale walio njiani kwenda kaburini: "Siwezi kulalamika." Mpimaji akaandika kwamba hana malalamiko. Posho ikakatwa, na gari analopewa kwa posho hiyo likachukuliwa. Wiki ya sita sasa hajamwona mkewe, Avril, aliye katika nyumba ya wagonjwa nje ya mji, na ambaye katika dunia nzima anautambua uso mmoja tu uliobaki, wa Matty.

"Mzee," nilimwambia asubuhi ya rufaa, tukiwa kwenye lifti, "mficha uchi hazai. Leo sema kweli yote. Ukileta ule ujinga wako wa kutolalamika, Avril atakusahau na wewe."

"Nimesikia, binti. Una mdomo wewe, kama msumeno."

Lifti ikafunguka. Matty akashika vishikio vya nyuma vya kiti changu.

"Unafanya nini?"

"Watu watasemaje wakiniona natembea mikono mitupu nyuma ya mwanamke aliye kitini? Twende."

Nilimwacha. Kiti changu kina mota; nilikuwa nakiendesha mwenyewe kwa kidole, naye amekiegemea kwa nyuma. Hivyo ndivyo tulivyouvuka ukumbi ule mrefu, na hilo ndilo lilikuwa kosa.

Katika baraza la rufaa walikuwa watatu, jaji katikati na daktari kulia kwake. Bwana Pennington alikaa pembeni na daftari lake la kunipima. Daktari hakufungua hata faili.

"Bwana Stobbs, nilikuwa mlangoni. Nimekuona ukimsukuma mwakilishi wako kutoka kwenye lifti mpaka hapa. Hatua hamsini, na zaidi."

Nilimgeukia Matty. Sema, mzee. Sema ulikuwa umeniegemea.

"Ndiyo, daktari," alisema, akinyoosha mgongo. "Mwanamke hawezi kuhangaika na mimi nipo."

Damu ilinichemka. Mpumbavu mzee, mwenye kiburi, anamuuza mkewe kwa sababu ya mgongo ulionyooka! Nilizima mota, nikafungua breki.

"Mheshimiwa jaji, kiti hiki kinajiendesha chenyewe. Sasa nimekizima. Mzee Matty, nisukume mpaka dirishani."

"Binti, acha."

"Ni hatua sita. Si umesema wewe mwanamume? Nisukume."

Aliinuka. Alisukuma, tukasogea kigae kimoja, kisha nusu ya kingine. Nikasikia kifua chake kikipiga mluzi nyuma ya kisogo changu. Goti lake likagonga chuma cha kiti, na uzito wake wote ukaniangukia mabegani.

"Inatosha, Bi Heslop," jaji alisema.

"Bado hajafika dirishani, mheshimiwa."

Mimi ndiye niliyesema hivyo. Na sauti yangu ilikuwa tamu.

Walitutoa nje dakika kumi, wakatuita. Posho imerudi yote, na gari litafuata. Daktari alimtaka Matty radhi. Matty alitazama viatu vyake, ambavyo alikuwa amevipiga rangi kwa ajili ya siku ile.

Mlangoni Bwana Pennington alinishika mkono. "Umefuzu, Lorna! Ile ya kuzima mota, hatari! Nitawafundisha wanafunzi wote waifanye."

Nilimtazama nikatafuta dharau yangu ya siku zote. Nilipoipata ilikuwa imenigeukia mimi.

Nikawasha kiti, nikakisogeza kando ya Matty. "Shika, mzee. Twende. Jumapili utamwona Avril."

Hakushika. Aliweka kiganja ukutani akaanza kutembea, akipumzika kwenye kila mlango.

"Mzee Matty, ilikuwa lazima."

"Najua, binti," alisema bila kugeuka. "Na yule mpimaji aliniambia hivyohivyo."

Nilimfuata nyuma kwa mwendo wake. Ukumbi ulituchukua dakika kumi na moja, na sikuthubutu kumpita.