Mdhamini Aliyekula Kwetu

Siku ya kumi na sita tangu afanyiwe usaili, Kidoti aliona liwalo na liwe, anakwenda kuuliza mwenyewe.

Mjomba wake alikuwa amemkataza. "Waajiri hawapendi wasumbufu," alimwambia kila jioni, huku akijichokoa meno kwa njiti ya kiberiti kwenye kochi la dada yake, mama yake Kidoti, alikokuja kutembea wiki moja na sasa ulikuwa unakatika mwezi wa tatu. "Ukipigapiga simu wanaona una njaa. Tulia, mpwa wangu. Si umeandika jina langu?"

Kweli, Kidoti alikuwa amemwandika yeye kuwa mdhamini. Mjomba aliwahi kuwa karani mkuu wa bohari, na Kidoti aliona cheo kile kitambeba.

Asubuhi hiyo akaaga kwamba anakwenda sokoni, akakata kona hadi kwenye ghala la vifaa vya ujenzi. Afisa ajira, mama wa makamo aliyening'iniza miwani kifuani, alikuwa katikati ya mifuko ya saruji, vumbi limemkaa hadi kwenye kope.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuulizia ile kazi ya kutunza ghala. Kama nimekosa niambiwe tu, nikalale."

"Marahaba." Yule mama akacheka, akafungua faili, kicheko kikamkauka. "Ulikuwa wa kwanza, binti. Siku tatu baada ya usaili tukampigia mdhamini wako. Akasema una mkono mrefu. Eti tukikupa ghala, tuhesabu misumari kila jioni. Halafu akatuomba tumchukue mume wa binti yake."

Siku kumi na tatu alikuwa akiambiwa atulie na mtu aliyekwisha kumchinja.

"Huyo mkwe alikuja jana," mama akaendelea. "Hajui bawaba wala komeo. Nafasi bado ipo. Nipe mdhamini mwingine kabla ya saa kumi. Nataka mtu aliyefanya kazi na wewe, vyeo sitaki."

Alifika nyumbani watu wakiwa kwenye chakula cha mchana, nyumba imejaa pomoni. Mjomba alikuwa ameinamia bakuli, anafyonza uboho, mchuzi unamtiririka hadi kiwikoni naye anaufuata kwa ulimi.

"Umerudi? Mboga ziko wapi?"

"Sikwenda sokoni, mjomba. Nimetoka ghalani. Wanasema mimi mwizi, na wamesikia kwako."

Jirani aliyekuja kuomba chumvi akavuta kigoda, akakaa.

Mjomba hakuruka wala hakukana. Alimeza, akaingiza tena vidole kwenye bakuli kutafuta nyama. Kitendo hicho kikamtia Kidoti kinyaa kuliko hata ule uongo wenyewe.

"Wewe huna mtoto," alisema huku akitafuna. "Mkwe wangu anao watatu. Lakini haya, lete simu, niwaambie nilikuchanganya na mtu mwingine. Jambo dogo tu hilo."

"Mpe, mwanangu, yaishe," mama yake alinong'ona.

Kidoti aliitazama midomo ile ikimeremeta mafuta. Jina lake lipite tena mle? Heri akose kazi.

"Sikupi."

"Basi nani atakusemea?" Mjomba akawanyooshea kidole waliokuwa wakila. "Hawa?"

"Mimi."

Alikuwa Mama Kantini, mke wa mjomba aliyekuja naye, ambaye alikuwa akikusanya sahani kimya kimya. Kwa miaka mingi alisimamia kantini ya shule, na Kidoti alifanya kazi chini yake. Akajifuta mikono kwenye gauni. "Miaka miwili huyu mtoto alinishikia funguo za stoo. Hakupungua hata mche wa sabuni. Aliyekuwa akinipunguzia namjua, jana nimelala naye kitanda kimoja."

"Makubwa!" jirani akapiga makofi.

Mama Kantini akampigia afisa ajira pale pale, kasimama, sauti imefunguliwa kila mtu asikie. Hakupamba. Alisema alichokiona kwa miaka miwili, basi.

"Aje Jumatatu saa mbili," afisa ajira akajibu.

Vigelegele vikapasua bati. Katikati ya kelele mjomba akainuka, akanyoosha mkono. "Hongera, mpwa wangu! Sisi ni ndugu. Huko ndani usimsahau mkwe wetu, hata kibarua cha kupakia."

Nyuzi za nyama zilikuwa zimemkwama kwenye kucha.

"Nawa kwanza, mjomba," alisema Kidoti.

Mjomba akanawa, kwa sabuni, mbele ya watu wote. Kidoti hakuupokea mkono ule.